Arosto, dozi na dirisha la methadoni: majibu kwa maswali yenu

Mwezi uliopita tuliomba maswali kuhusu matibabu ya uraibu wa heroini, yaani unga. Barua nyingi zimeuliza habari za methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, na si ajabu. Tangu Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ianze kuitoa Februari 2011, kliniki zimefunguliwa Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na kwingineko, na Kenya nayo ilianza Nairobi mwishoni mwa 2014 kabla ya kushuka Pwani. Majina ya waulizaji tumeyaacha, na maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Mwanangu ana miaka 26, anavuta unga, hajawahi kujidunga. Sasa mwenyewe amesema anataka dawa. Tumefika kliniki tukaambiwa turudi tukiwa tumepitia kwanza kwenye asasi. Kwa nini mgonjwa azungushwe hivi? — Mama, Mbagala

Mama, pole na hongera kwa kufika hapo mlipofika. Njia yenyewe ndiyo hiyo, hamjazungushwa. Kwingi mtu huingia kliniki kupitia asasi inayofanya kazi maskani, yaani kwenye vijiwe vya watumiaji, yenye waelimishaji rika ambao wengi wao waliwahi kutumia wenyewe. Anahudhuria vikao kadhaa vya maandalizi, anaelezwa methadoni ni nini na itamdai nini, kisha anapelekwa kliniki na fomu yake. Vikao hivi vina kazi. Anayeingia bila kujua kwamba atakunywa dawa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ndiye anayeonekana wiki mbili halafu hapatikani tena. Kuhusu kuvuta, msiogope. Mwanzoni kipaumbele kilikuwa kwa wanaojidunga, lakini sasa wanaovuta nao hupokelewa.

Siku ya usajili atahojiwa kwa kirefu, atapimwa mkojo, na damu itachukuliwa kwa ajili ya VVU na homa ya ini aina ya B na C. Ataulizwa pia juu ya kikohozi, jasho la usiku na kupungua uzito, kwa sababu TB imejaa maskani. Kliniki nyingi hutaka ndugu mmoja wa karibu asaini kama msimamizi wake. Awe ni mtu anayepatikana kwa simu, hata kama si mkubwa wa ukoo.

Hapa familia nyingi hukosea kwa nia njema: wanamfungia kijana ndani wiki nzima "asafike" kabla ya kumpeleka. Heroini huonekana kwenye mkojo kwa siku mbili hadi tatu hivi. Akifika wiki moja baadaye mkojo hauonyeshi kitu, na daktari ana haki ya kusita, kwa sababu mwili uliokaa wiki bila unga haupokei methadoni kama mwili wa jana. Mpelekeni akiwa kama alivyo.

Siku ya dozi ya kwanza mambo hugeuka. Asitumie kitu asubuhi hiyo, na afike akiwa na arosto kidogo, yaani dalili za mwili kukosa unga: miayo, mafua, vinyweleo kusimama. Akifika anasinzia hatapewa. Aseme ukweli kuhusu saa aliyotumia mara ya mwisho, na zaidi aseme ukweli kuhusu pombe na vidonge vya Valium. Atapewa dozi ndogo, kwa kawaida kati ya 15 na 30 mg. Haitamtosha, na mtaisikia lawama hiyo jioni ileile nyumbani.

Mama, tafadhali elewa sababu ya dozi kuwa ndogo, kwa kuwa wanaokufa kwa methadoni hufa zaidi katika siku hizi za mwanzo. Dawa hii hutoka mwilini polepole sana. Kwa watu wengi, baada ya saa 24 hadi 36 nusu yake bado imo, na ya leo inaikuta ya jana. Kwa hiyo 30 mg ya siku ya nne si sawa na 30 mg ya siku ya kwanza ingawa kikombe ni kilekile. Huchukua kama siku tano kabla kiwango hakijatulia. Kijana ambaye siku ya pili ameona "hainikamati" akaongezea kete ya unga usiku, au Valium mbili za kumpatia usingizi, ndiye anayekutwa asubuhi hapumui. Katika siku kumi za mwanzo asilale chumbani peke yake. Mkimsikia anakoroma kwa sauti ya kukwama isiyo ya kawaida yake, mwamsheni. Asipoamka, someni jibu letu la chini kuhusu kuzidiwa.

Jambo la mwisho ni nauli. Kwenye kliniki za serikali dawa ni bure, lakini kwenda na kurudi kila siku si bure, na nauli imewatoa watu kwenye tiba kama unga wenyewe. Pigeni hesabu ya siku 30 kabla hajaanza. Kama haifiki, waambieni asasi na ofisa ustawi wa jamii mapema, na muulize kama ipo kliniki iliyo karibu zaidi na nyumbani.

Niko siku ya 12, napewa 40 mg. Nikinywa asubuhi naona nafuu, ila ikifika saa nne usiku miayo inaanza, machozi, miguu inaniuma hadi mifupani. Nimeshavuta mara mbili. Naogopa kusema nisije kufukuzwa. Rafiki yangu yuko 110, si nyingi sana hiyo? — Tanga

Ndugu yetu, sema. Na useme kwa saa, kwa sababu saa ndiyo lugha ambayo daktari anaweza kuifanyia kazi. "Dawa hainishiki" ni maneno anayoyasikia kutwa nzima. "Nakunywa saa mbili asubuhi, saa nne usiku miayo na machozi, saa saba sijalala, nimevuta Jumanne na Ijumaa" ni taarifa ya kitabibu. Methadoni hufikia kilele saa mbili hadi nne baada ya kuinywa. Mtu anayesinzia katika muda huo, dozi yake huenda imezidi. Anayekuwa sawa mchana lakini arosto ikamrudia kabla ya kikombe cha kesho, dozi yake bado haijafika. Wewe uko kundi la pili, na siku ya 12 hilo ni la kawaida kabisa.

Daktari hupandisha kwa 5 hadi 10 mg, kisha anasubiri siku tatu hadi tano aone mwili umesemaje. Kwa hiyo kufika dozi yako halisi kunaweza kuchukua mwezi na zaidi. Watu wengi hutulia kati ya 60 na 120 mg. Ya rafiki yako si nyingi, ni yake. Isingekuwa yako: 110 ya mtu aliyezoea ingekuua wewe leo. Ikipita 100, kliniki yenye uwezo humpima mtu umeme wa moyo, kwani dozi kubwa inaweza kuvuruga mapigo. Aliyewahi kuzimia ghafla, au ambaye nduguye alifariki ghafla kwa moyo, aseme hilo tangu mwanzo.

Tunataka uondoe kichwani wazo kwamba dozi ndogo ni ushujaa. Linavumishwa maskani na hata na baadhi ya wazazi: "mwanangu yuko 30 tu, karibu amalize." Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa Muhimbili katika miaka ya mwanzo ulionyesha kwamba waliokuwa kwenye dozi ndogo ndio walioacha tiba zaidi. Na sababu inaeleweka: anayeteseka kila usiku lazima siku moja atarudi kwa muuzaji.

Kuvuta mara mbili katika wiki hizi hakumtoi mtu kwenye tiba. Kunamwonyesha daktari kwamba dozi haijatosha. Kinachokuponza ni kuficha, kwani atakuongezea akidhani una methadoni peke yake mwilini. Usidanganye upande wa pili pia. Jasho jingi na choo kigumu si arosto, ni madhara ya dawa yenyewe, na kuongezewa dozi kutayazidisha. Kwa choo kunywa maji mengi, kula papai, mboga za majani na dona, na kama siku tatu zimepita omba dawa ya kulainisha.

Jingine dogo: ukiulizana na wenzako, ulizaneni mg, si ml. Dawa ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti, na ml 10 za chupa moja zinaweza kuwa mara mbili ya ml 10 za nyingine.

Mume wangu alikuwa ametulia kwenye 80 mg, amepata hadi kibarua. Mwezi huu ameanza dawa za TB na arosto imerudi kama zamani. Anasema dawa za TB "zinaua" methadoni na anataka kuziacha. — Dada, Temeke

Dada, mumeo hakosei kuhusu anachokisikia mwilini, na asiache chochote. Miongoni mwa vidonge vya TB kuna rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Huifanya ini ichakate methadoni kwa kasi kuliko kawaida. Kikombe ni kilekile cha 80, lakini mwili unabaki na kidogo. Kwa kawaida arosto huanza ndani ya wiki moja hadi mbili tangu vidonge vya kwanza. Daktari wa methadoni anapaswa kupandisha dozi, mara nyingine kwa kiasi kikubwa, na pengine kuigawa mara mbili kwa siku ikiwa kliniki ina utaratibu huo. Mwende naye kesho, mbebe kadi ya TB.

Kwa nini hili hutokea mara nyingi hivi? Kwa sababu kliniki ya TB ipo jengo moja, methadoni jengo jingine, na karatasi hazitembei zenyewe. Mzibebe ninyi. Kila anayemwandikia mumeo dawa yoyote, hata daktari wa meno, aione kadi ya methadoni.

Na kuna upande ambao karibu kila mtu huusahau. TB ya kawaida hutibiwa miezi sita. Siku rifampisini inapokoma, ini hurudi taratibu kwenye mwendo wake ndani ya wiki mbili hivi, na ile dozi iliyopandishwa inaanza kuwa kubwa mno. Mtu anaanza kusinzia mezani, na wanaomwona wanasema amerudia unga. Andika kwenye kalenda tarehe ya kidonge cha mwisho cha TB na uwakumbushe kliniki wiki moja kabla, ili waanze kuishusha.

Dawa nyingine zinazopunguza nguvu ya methadoni ni karbamazepini na fenitoini za kifafa, pamoja na efavirenzi na nevirapini miongoni mwa ARV. Walio kwenye TLD, yenye dolutegraviri, hawana tatizo hilo. Ila mwenye TLD akianza rifampisini huongezewa dolutegraviri, 50 mg nyingine baada ya saa 12, na hilo lisisahaulike. Flukonazoli ya fangasi hufanya kinyume: huiongezea methadoni nguvu.

Mjomba anasema methadoni ni kumtoa mtu kwenye unga wa muuzaji na kumtia kwenye unga wa serikali. Anataka tumpeleke mdogo wetu soba hausi miezi minne, au afungwe nyumbani mpaka arosto iishe. — Mombasa

Mpeni mjomba heshima yake, kisha mwelezeni tofauti. Heroini hukaa saa chache. Mtu hupanda, hushuka, na kabla ya saa sita hadi 12 kupita arosto imeshaanza kumtafuna, ndipo anapokwenda kuiba simu. Siku yake yote ni kukimbizana na kete. Methadoni iliyofika dozi yake hainyanyui wala haiangushi. Mtu anakunywa, anakwenda kupiga rangi nyumba ya watu, anarudi, analala. Mwili bado unategemea dawa, kweli, kama vile mwenye kisukari anavyotegemea insulini. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, pamoja na buprenofini.

Soba hausi, zile nyumba wanakokaa watu ili kuacha unga, zimewasaidia watu, hatuzipuuzi. Nyingi zinaendeshwa na waliopona, na upendo wao ni wa kweli. Lakini kabla ya kulipa hata shilingi, ulizeni haya. Mhudumu wa afya huja mara ngapi? Mtu akitapika na kuharisha siku mbili mfululizo, anapelekwa wapi? Mtu anafungwa minyororo? Anayetumia ARV au dawa za TB huruhusiwa kuendelea? Aliye kwenye methadoni hupokelewa? Mkijibiwa kwamba wao hawaamini dawa, ondokeni.

Na sasa hatari yenyewe, ambayo mjomba hajaambiwa. Arosto ya heroini kwa kijana mwenye afya ni mateso, hufika kilele siku ya pili na ya tatu na kupungua baada ya siku tano hadi kumi, lakini si yenyewe inayoua mara nyingi, isipokuwa maji yakiisha mwilini kwa kutapika na kuharisha. Kifo kinakuja baadaye. Mwili uliokaa wiki chache bila unga husahau uzoefu wake. Kete iliyokuwa ya kawaida kwake siku anaingia inakuwa ya kumuua siku anatoka, naye hajui hilo. Anapima kwa kumbukumbu ya zamani. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka jela au soba hausi ndizo hatari kuliko zote. Familia imefurahi, kijana amenenepa, ameogeshwa, amepewa nguo mpya na pesa ya matumizi, na jioni ile anapitia maskani kuwasalimia wenzake.

Hivyo ushauri wetu hauna kona: kama anatumia kila siku, mwanzieni kliniki. Kama mwenyewe amechagua soba hausi, na si mjomba aliyechagua, basi kabla hajatoka awe ameshaandikishwa kwa ushauri nasaha, na aambiwe ana kwa ana, bila kumtisha, kwamba akiteleza asiteleze peke yake na asitumie kiasi kile cha zamani. Na minyororo haiponyi mtu. Inamfundisha tu kuwakimbia ninyi.

Nina mimba ya miezi mitatu na natumia unga. Nikianza methadoni si nitamuumiza mtoto? Kuna dada ameniambia niache vyote haraka kabla tumbo halijaonekana. — Unguja

Dada, usiache ghafla. Arosto kali kwa mjamzito inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuharibu mimba, na wanaojaribu hivyo wengi hurudia unga ndani ya wiki. Unga wa mtaani hupanda na kushuka mwilini mwako mara tatu nne kwa siku, na mtoto hupanda na kushuka pamoja nawe. Methadoni humtuliza. Ukifika kliniki sema kwanza kwamba una mimba, kwani wajawazito hupewa kipaumbele.

Miezi ya mwisho huenda 70 iliyokutosha ikawa haitoshi, kwa sababu damu mwilini imeongezeka na dawa hutoka haraka. Kuongezewa wakati huo si kurudi nyuma. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake: kulia kwa sauti kali, kutetemeka, kupiga chafya, kunyonya vibaya. Huanza zaidi siku ya pili au ya tatu, wakati ambapo mama wengi wameshapewa ruhusa kwenda nyumbani. Omba mbaki wodini angalau siku nne tano. Inatibika, na ukubwa wa dozi yako si kipimo cha ukali wake. Mkumbatie kifuani ngozi kwa ngozi, chumba kiwe na utulivu, na umnyonyeshe, kwani methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Kama una VVU, unyonyeshaji utaupanga na kliniki yako ya mama na mtoto.

Ramadhani inakaribia. Nifanyeje na kikombe cha asubuhi? — Malindi

Inanywewa, kwa hiyo inafunguza. Nenda kliniki kabla ya mwezi kuandama uulize kama kutakuwa na zamu ya jioni. Saa zikihamishwa, usiruke siku nzima ili kupisha, na usikubali kunywa mbili karibu karibu: mfamasia ndiye anayepanga siku ya kuhama. Kama zamu ya jioni haipo, wewe ni mgonjwa uliye kwenye tiba, na ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Zungumza na sheikh unayemwamini kuhusu kulipa au fidia. Wanaoacha methadoni mwezi mzima kwa nia safi hukutana na hatari ileile tuliyoieleza kwa yule wa Mombasa, na hukutana nayo siku ya Idi.

Jirani alizidiwa na unga chooni. Vijana wakammwagia maji, wakamnywesha maziwa, mmoja akataka kumdunga maji ya chumvi. Alipona. Siku nyingine tufanye nini? — Mwanza

Alipona kwa bahati, si kwa maziwa. Mtu asiyejitambua akinyweshwa chochote, kinaingia kwenye mapafu. Maji ya chumvi kwenye mshipa hayaondoi heroini hata chembe, na muda unaopotea kutafuta sindano ni muda ambao ubongo haupati hewa.

Unga unapomzidi mtu, kinachosimama kwanza ni pumzi, moyo hufuata. Mwiteni kwa jina, mbonyezeni kwa nguvu kwenye mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Haamki, anapumua chini ya mara kumi kwa dakika, anakoroma kama aliyekabwa, mboni za macho zimekuwa kama kichwa cha pini: amezidiwa. Kwenye ngozi nyeusi msitafute ubluu usoni. Tazameni ndani ya midomo na kwenye kucha, pamekuwa pa kijivu.

Mmoja atafute bajaji au gari. Mwingine amlaze chali, atoe kilichomo mdomoni, ainue kidevu kichwa kirudi nyuma, abane pua na kumpulizia kinywani pumzi moja kila baada ya sekunde tano, akiangalia kifua kinyanyuke. Kisiponyanyuka, kichwa hakijarudi nyuma vya kutosha. Akianza kupumua mwenyewe mlazeni ubavu, goti la juu likiwa limekunjwa, asije kubanwa na matapishi. Hata ndani ya bajaji awe ubavu, na mtu aendelee kuhesabu pumzi zake.

Mkifika hospitali tajeni unga kwa jina lake. Kusema "ameanguka tu" kunachelewesha naloksoni, dawa inayoiondoa heroini kwenye vipokezi vya ubongo. Sindano ya 0.4 mg kwenye msuli huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, na hurudiwa kama pumzi haijarudi. Lakini hudumu dakika 30 hadi 90 tu. Atashtuka akiwa na arosto kali, atakasirika, atataka kuondoka. Msimwachie. Heroini iliyobaki inaweza kumrudisha chini, na kama alichokunywa ni methadoni, inayokaa mwilini siku nzima na zaidi, kurudi chini ni jambo la kutarajia.

Niko mwaka wa tatu, 90 mg, nafanya kazi ya ukondakta. Nitaacha lini? Na nikipata safari au msiba mkoani je? — Dar es Salaam

Kuacha kwanza. Mwaka wa tatu si kuchelewa. Wapo watakaokunywa miaka mingi, wapo watakaoshuka. Dalili za kuwa tayari ni mkojo safi kwa muda mrefu, kazi, mahali pa kulala mbali na maskani, na kwamba wazo limetoka kwako, si kwa mchumba wala kwa aliyechoka kukukopesha nauli. Kushuka salama ni kama asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki mbili hadi nne. Kwa 90 hiyo ni mwaka mzima hivi, pengine zaidi. Juu ni rahisi. Chini ya 30 hatua ya 5 mg huhisiwa kwa nguvu, na hapo wengi hukimbilia kumaliza wakaanguka. Ukikwama kwenye 25, kaa kwenye 25 miezi mitatu. Ukiona usingizi umepotea na unawaza kete, omba kupanda tena. Inaruhusiwa.

Safari inataka maandalizi. Kama uendako kuna kliniki ya methadoni, omba barua siku kadhaa kabla: iandikwe dozi kwa mg, tarehe na saa ya kikombe cha mwisho, sahihi na muhuri. Omba wafamasia wapigiane simu, kwani barua peke yake mara nyingi hukaliwa mpaka mchana. Hapo dirishani kwako wanakujua. Ugenini utaonyesha kitambulisho, utakunywa mbele yao, utashushia na maji, kisha utasemeshwa kidogo ili waone umemeza. Usilichukulie kama dharau, kila mgeni hufanyiwa hivyo.

Baadhi ya kliniki huwapa waliotulia dozi za kubeba. Ukipewa, kila chupa iwe na tarehe yake na zote zikae kwenye kasha la kufuli. Usiimimine kwenye chupa ya soda. Hata 10 mg zimewahi kuua mtoto mdogo, na ladha yake tamu haimfukuzi.

Msiba haungoji barua. Kanuni inayotumika kwingi ni hii: ukikosa siku moja au mbili utaendelea na dozi yako kama hujalewa. Siku tatu au nne, utapewa kama nusu na kupandishwa upya. Tano na kuendelea, unaanza kama mgonjwa mpya, 30 mg au chini. Usidanganye idadi ya siku ili upate 90 yako. Na ukikamatwa njiani ukawekwa mahabusu, ndugu apeleke kadi yako kituoni siku ileile na aipigie kliniki, kwa sababu wao ndio wanaoweza kueleza polisi dozi yako na nini kitatokea ukiikosa.